Je, msimbo ulioandikwa na zana huifanya programu ya simu iwe nzito?
Baadhi ya waundaji wa programu za simu huamini kwamba msimbo unaozalishwa na zana huifanya programu iwe nzito, kwa kuwa zana yenyewe husafiri hadi kwenye simu ya mtumiaji. Wasiwasi huo unaeleweka: simu nyingi zina nafasi ndogo, na bando ni pesa.

Tuchukue Flutter, mfumo wa kuunda programu za simu kwa lugha ya Dart. Kifurushi cha json_serializable, kinachoandika msimbo wa kusoma data ya JSON (muundo wa maandishi ambao programu hupokea kutoka kwenye seva), hufanya kazi kwenye kompyuta yako tu, kabla programu haijajengwa. Ukiendesha build_runner, zana inayokiwasha, kifurushi hicho husoma klasi yako (muundo wa data ulioueleza kwenye msimbo), tuseme Mteja, kisha huandika faili ya mteja.g.dart. Ifungue uisome. Utakuta mistari kama huu:

jinaLaMtaa: json['jinaLaMtaa'] as String,

Ni Dart ya kawaida, ile ile ambayo ungeichapa mwenyewe mara arobaini, na mara moja ukaruka herufi ndani ya alama za nukuu. Kosa la namna hiyo kikusanyaji (compiler, kinachogeuza msimbo kuwa programu) hakilioni. Hujitokeza mtumiaji anapofungua ukurasa. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa, kuliko hata muda unaookolewa.

Ukitaka kuhakikisha, tazama pubspec.yaml, faili inayoorodhesha vifurushi vya mradi: json_serializable na build_runner hukaa chini ya dev_dependencies, yaani vifurushi vya kazi ya uundaji tu. Kinachobaki kwenye dependencies, vifurushi ambavyo programu yenyewe huvitumia, ni json_annotation, kifurushi kidogo cha alama unazoweka kwenye klasi. Halafu endesha amri hii kabla na baada ya kuhama kutoka msimbo wa mkono kwenda msimbo wa zana, ulinganishe ukubwa wa programu:

flutter build apk --analyze-size --target-platform android-arm64