Njia ya ishara ndani ya seli: jinsi E6 na E7, protini mbili za kirusi cha papiloma, zinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi

Seli ya mlango wa kizazi haijigawi ovyo. Hungoja kuambiwa. Ujumbe hutoka nje, hupokewa na protini iliyo kwenye utando wa seli, nayo huipasia protini ya pili, ya pili huipasia ya tatu, mpaka habari ifike kwenye kiini. Kupokezana huko ndiko kunakoitwa njia ya ishara. Ipo ya kusema "gawanyika", ipo ya "subiri", na ipo ya "kufa", maana seli iliyoharibika hutakiwa ijiue.

Sisi wa Mtwara mfano tunao kila msimu wa korosho. Gunia halitoki ghalani kwa matakwa ya mwenye lori: kuna mshika ufunguo, na kuna mpima ubora anayerudisha korosho mbovu. Ndani ya seli, mshika ufunguo ni protini iitwayo Rb. Imeishikilia E2F, ile inayowasha kazi ya kunakili DNA, na haiiachii mpaka ishara ije. Mpima ubora ni p53. Ikikuta DNA imeharibika husimamisha kazi, na uharibifu ukizidi huamuru seli ife.

Kirusi cha papiloma (HPV), kinachoambukizwa kwa kujamiiana, hakina mitambo yake ya kujinakili, kwa hiyo hutegemea seli inayonakili DNA. Hapo huleta E7, ambayo huing'ang'ania Rb na kuiharibu. E2F inabaki huru. Vurugu hiyo ingeiamsha p53, lakini E6 imeshajiandaa: huazima protini moja ya seli yenyewe, p53 hutiwa alama ya takataka, kisha husagwa. Hili ndilo linalonistaajabisha kuliko yote. Katika saratani nyingi nyingine kinasaba cha p53 huwa kimeharibika. Hapa mara nyingi ni kizima, p53 inatengenezwa kila siku, na kila siku inasagwa.

Mara nyingi kinga ya mwili hukiondoa kirusi ndani ya miaka miwili hivi. Kinapong'ang'ania, hasa aina ya 16 na 18 zinazobeba takribani asilimia 70 ya saratani hizi, DNA yake huweza kujipachika kwenye DNA ya seli. Katika kujipachika, mara nyingi kinasaba cha kirusi kiitwacho E2 hukatika, nacho ndicho kilichokuwa kikizizuia E6 na E7 zisizidi.

Ushahidi upo katika seli za Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani hii, zilizochukuliwa Marekani mwaka 1951 na ambazo bado zinakuzwa maabara. Zina kirusi aina ya 18. Watafiti walipozizima E6 na E7, p53 ilirudi kazini na seli zikaacha kugawanyika.

Ndiyo maana inaniuma mama wa Newala au Nachingwea anapoambiwa karogwa, au kwamba ni malipo ya umalaya. Kirusi hiki huweza kumpata aliyelala na mumewe tu.

Safari yote huchukua miaka 15 hadi 20, au 5 hadi 10 kwa mwenye VVU asiyetumia dawa. Chanjo, inayotolewa kwa wasichana nchini tangu 2018, ina ganda la kirusi tu: huzuia kuingia, haiwagusi E6 na E7 walio ndani tayari. Kwa mwanamke mtu mzima kipo kipimo cha siki. Muuguzi huipaka kwenye mlango wa kizazi, na seli zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe kwa dakika chache. Doa likiwa dogo, huondolewa kwa kugandishwa au kuchomwa, mara nyingi siku hiyo hiyo.