Je, wajua kwa nini katika sataranji kitunda kimoja cha ziada, ile kete ndogo kabisa, mara nyingi hakitoshi kushinda?

Jumamosi iliyopita, baada ya Isha, nilikaa kwenye baraza moja ya Mji wa Kale hapa Mombasa nikitazama mchezo wa sataranji uliokwisha karibu na usiku wa manane. Weupe walichezwa na fundi wa majokofu, weusi na mwalimu wa hesabu. Hakuna kati yao anayeishi kwa mchezo huu, lakini ukikaa mbele yao bila kujiandaa watakumaliza kabla kahawa yako haijapoa. Fundi alipata kitunda kimoja cha ziada katika hatua ya 28 na hakukipoteza tena. Hata hivyo mchezo ukaisha sare.

Lawama zikaanza. "Sheikh, ushindi ulikuwa mkononi, umeuachia!" Kila mmoja alikuwa na hatua yake ya mwisho ambayo fundi angecheza akashinda. Mimi nasema hatua hiyo haikuwepo. Mwishoni hapakuwa na ushindi wa kuachia.

Hatua ya 63, ubaoni zilibaki kete tano tu. Fundi alikuwa na mfalme d5 (herufi ni safu ya kwenda juu, namba ni mstari wa kukatiza), kitunda e5 na ngome, kete inayokwenda moja kwa moja, h7. Mwalimu alikuwa na mfalme e8, akikingama njia ya kitunda, na ngome a6. Itazame hiyo ngome ya a6. Inatawala mstari wote wa sita, kwa hivyo mfalme wa fundi hawezi kukanyaga d6 wala e6, na kitunda kisichosindikizwa na mfalme hakifiki popote. Mwalimu akawa anaihamisha ngome yake a6, b6, a6, b6. Waliokuwa pembeni walidhani ameishiwa. Kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Hatua ya 68 fundi alichoka kungoja, akasukuma kitunda hadi e6, akitishia kumpandisha mfalme d6. Papo hapo mwalimu akaiteremsha ngome kutoka a6 hadi a1, mwisho kabisa wa ubao. Sasa mfalme akienda d6, anapigwa shaha, yaani anashambuliwa na lazima ajiokoe, kutoka d1. Akikimbilia e5, shaha kutoka e1. Akienda f6, shaha kutoka f1. Kwa nini hana pa kujificha? Kwa sababu maficho yake yalikuwa mraba wa e6, mbele ya kitunda, na mraba huo amekikalisha kitunda chake mwenyewe. Ndiyo maana mwalimu alingoja. Kama angeiteremsha ngome mapema, kitunda kikiwa bado e5, mfalme mweupe angejibanza e6 na weusi wangekuwa taabuni.

Ulinzi huu una jina la Philidor, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1726, mtunzi wa muziki na mchezaji mkubwa wa zama zake, aliyeueleza katika uchambuzi aliouchapisha mwaka 1777. Leo hauna ubishi hata kidogo. Kompyuta zimekokotoa kila mpangilio wa ubao wenye kete saba au pungufu, wafalme wakihesabiwa, na kazi ya kete saba ilikamilika Moscow mwaka 2012. Mpangilio wa fundi na mwalimu ulikuwa na kete tano, na jibu lake ni sare.

Alichokuwa akikiota fundi ni kingine: mfalme wake asimame mbele ya kitunda kilichofika mstari wa saba, na mfalme mweusi azuiwe mbali. Hapo ngome nyeupe hupanda hadi mstari wa nne, na mwishowe huja kumkinga mfalme asipigwe shaha. Wachezaji huita kujenga daraja, jina ambalo mtu wa kisiwani hahitaji kufafanuliwa. Lakini ngome ya a6 haikumruhusu hata kuanza.

Basi siri iko kwenye ngome. Kwetu Mombasa neno hilo humpeleka mtu moja kwa moja Fort Jesus, kuta zilizozingirwa na Waomani tangu 1696 hadi 1698 kabla hazijaanguka. Hiyo ni ngome ya kujifungia ndani. Ngome ya sataranji hulinda kwa kukaa mbali. Inapiga kutoka ncha moja ya ubao hadi nyingine, na kadiri inavyokuwa mbali na mfalme anayesumbuliwa, ndivyo anavyochelewa kuifikia. Zikibaki ngome na vitunda tu, aliyepungukiwa na kitunda kimoja ana tumaini la kweli.

Kwa hiyo mchezo huu uliamuliwa hatua ya 41, na hapo hakuna aliyelalamika.

Wakati huo kila mmoja alikuwa na ngome moja na farasi mmoja. Fundi alikuwa na vitunda vinne, safu za e, f, g na h. Mwalimu alikuwa na vitatu, f, g na h. Fundi aliweza kuchagua: wabadilishane ngome wabaki na farasi, au wabadilishane farasi wabaki na ngome. Akabadilisha farasi. Alituambia sababu bila kusita: ukiwa mbele, punguza kete. Ni kweli, lakini ni nusu ya kanuni. Aliye mbele hupunguza kete kubwa na kuvitunza vitunda, na aliye nyuma ndiye hupunguza vitunda. Mwalimu aliifuata nusu ya pili barabara: vitunda vya h vikaliwa, kisha vya g, hatimaye vya f. Kila jozi iliyotoka ilimsogeza kwenye zile kete tano.

Wangebaki na farasi, mambo yangekuwa mengine. Mikhail Botvinnik, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1948, anatajwa kwa kusema kwamba mwisho wa farasi ni kama mwisho wa vitunda vitupu, ambako kitunda cha ziada kwa kawaida hushinda. Farasi ana hatua fupi. Hawezi kumfukuza mfalme kwa shaha mfululizo kutoka mbali. Tena kila anaporuka hubadilisha rangi ya mraba, kwa hivyo hawezi kurudi alipotoka kwa idadi ya hatua iliyo witiri. Palipo na haja ya kupoteza zamu moja tu, yaani ubao ubaki vilevile lakini zamu iwe ya mpinzani, farasi hana namna. Mwalimu wa hesabu alilipenda jambo hili kuliko sare yake.

Tulichambua haya bila simu kwanza, nami nashikilia utaratibu huo. Tulipoiwasha programu ya sataranji baadaye, iliendelea kuonyesha kwa namba kwamba weupe wako mbele kidogo hatua baada ya hatua, hata baada ya farasi kutoka. Namba hiyo haikusema kwamba upande ulio mbele hauna tena njia ya kupita.

Fundi akapanga upya ubao wa hatua ya 41. "Mwalimu, keti. Safari hii zinatoka ngome." Kahawa ikaagizwa tena, na hatua ya 59 mwalimu akamlaza mfalme wake, akakubali kushindwa.