Moli ni idadi, si uzito

Mwanafunzi anayerudia misingi ya kemia ya sekondari huzikumbuka upesi atomi, elementi na kampaundi. Kwenye moli ndipo hukwama. Mara nyingi ameshika kanuni tu, gawanya gramu kwa masi ya moli (gramu za moli moja), lakini ukimuuliza jibu linahesabu kitu gani hunyamaza.

Linahesabu chembe. Dazeni ni vitu 12, viwe vikombe au kalamu. Vivyo hivyo moli ni chembe 6.02214076 × 10²³, ziwe atomi, molekuli au ioni (chembe zenye chaji ya umeme). Kwa maswali ya darasani, 6.02 × 10²³ inatosha. Idadi hiyo huitwa namba ya Avogadro, ingawa Amedeo Avogadro hakuwahi kuipata. Mwitalia huyo alipendekeza mwaka 1811 kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika jotoridi na kanieneo sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Aliyeipa namba hiyo jina lake ni Mfaransa Jean Perrin, mwaka 1909.

Lakini kwa nini isichaguliwe namba nyepesi, tuseme 10²⁴? Kwa sababu hii iliyopo inatuondolea kazi kubwa. Imepangwa ili masi ya atomi unayoisoma kwenye jedwali la elementi iwe ndiyo gramu za moli moja. Kaboni ni 12, basi moli moja ya atomi za kaboni ina gramu 12. Sodiamu ni 23, basi gramu 23. Maji, H₂O, yana hidrojeni mbili na oksijeni moja: 1 + 1 + 16, yaani gramu 18. Zamani moli ilielezwa kwa kutumia gramu 12 za kaboni-12, aina mojawapo ya kaboni. Tangu tarehe 20 Mei 2019 namba yenyewe ndiyo imewekwa kuwa kipimo. Kwenye mtihani hutaona tofauti yoyote.

Umuhimu wa moli huonekana unapofika kwenye milinganyo. Chukua huu:

2H₂ + O₂ → 2H₂O

Zile namba za mbele zinataja idadi ya molekuli. Hazisemi lolote kuhusu gramu, na hapa ndipo alama nyingi hupotea. Mtu husoma "mbili kwa moja", akapima gramu 2 za hidrojeni na gramu 1 ya oksijeni. Gramu hiyo moja ya oksijeni itatumia gramu 0.125 tu za hidrojeni, na nyingine yote itabaki bila kazi. Ukipita kwenye moli mambo hunyooka: moli 2 za hidrojeni ni gramu 4, moli 1 ya oksijeni ni gramu 32, na maji yanayopatikana, moli 2, ni gramu 36. Moli tatu zimeingia, zikatoka mbili, na hilo halina ubaya, kwa kuwa molekuli huvunjwa na kuundwa upya. Kinachobaki vilevile ni atomi, na pamoja nazo masi: 4 + 32 = 36.

Mizani hupima gramu, mlinganyo huhesabu chembe. Kwa hiyo karibu kila swali la aina hii lina njia ileile: geuza gramu ziwe moli, tumia uwiano wa mlinganyo, kisha rudi kwenye gramu kama swali linataka hivyo.

Kuna mtego mmoja zaidi. Kusema "moli moja ya oksijeni" hakutoshi. Ya atomi ni gramu 16; ya molekuli, O₂, ni gramu 32. Taja chembe daima, hata kama mwuliza swali amesahau. Chumvi ya mezani, NaCl, nayo haina molekuli kabisa. Ni ioni zilizopangana. Gramu 58.5 zake ni moli moja ya NaCl, lakini ndani yake mna moli moja ya ioni za sodiamu na moli moja ya ioni za kloridi, jumla ioni zipatazo 1.204 × 10²⁴.