Usitoe Chuma, Niletee Karatasi ya Upasuaji

Wiki hii tena. Mama wa makamo kutoka Ukerewe, saratani ya mlango wa kizazi, nyonga ya kulia ya bandia. Kabla hajafika kwetu Mwanza, kwenye tiba ya mionzi ninakopiga hesabu za dozi, kuna mtu alishamwambia chuma kitolewe kwanza, la sivyo mionzi itakichemsha. Kaka yake alikuwa anatafuta mnunuzi wa ng'ombe ili wapate pesa ya upasuaji. "Mwanangu, hakitaniunguza humo ndani?" Hapana, mama. Hakichemki.

La joto tulimalize haraka. Dozi ya siku moja kwa kawaida ni grei 2, yaani juli 2 kwa kila kilo. Hiyo haipandishi joto la chuma hata kwa sehemu moja ya mia ya digrii. Nadhani watu wanachanganya na MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, ambako mwenye chuma huulizwa maswali mengi kwa sababu ya sumaku hiyo. Na mfupa je, hauzuii miale? Kwenye eksirei mfupa ni mweupe kama ukuta, lakini kwa nishati tunayotibia miale inaupita bila shida kubwa. Tuendelee.

Kinachonikera ni kwamba hata wenzangu wa hospitali wanakiogopa chuma chenyewe, ilhali shida yangu ya kwanza ni picha. Mpango wa dozi unajengwa juu ya CT, yaani eksirei inayopiga mwili slaisi kwa slaisi, na CT ikikutana na nyonga ya bandia inachanganyikiwa. Mistari mieupe na myeusi inatawanyika kutoka kwenye chuma hadi kwenye kibofu na puru. Ni kama kutazama taa za wavuvi wa dagaa usiku: mng'ao unauona, mtumbwi huuoni. Programu ya kupanga dozi haijui kuwa ule weusi ni uongo. Inasoma hewa, na inapiga hesabu ya hewa katikati ya nyama. Kwa hiyo nakaa naichora mistari hiyo slaisi kwa slaisi na kuipa msongamano wa maji. Kazi ya kuchosha macho, na hakuna anayeniona nikiifanya.

Halafu chuma chenyewe. Kipimo cha kawaida cha weupe kwenye CT kinaishia 3071. Titani inagonga dari hiyo, chuma cha pua nacho kinagonga dari hiyo hiyo. Kwenye picha ni ndugu mapacha, ila titani ina gramu 4.5 kwa sentimita ya ujazo na chuma cha pua karibu 8. Ukikosea kati ya hivyo viwili, kivuli nyuma ya chuma, pale dozi inapopungua, unakikosea vilevile. Tena nyonga moja inaweza kuwa na shina la titani na kichwa cha kobalti-kromu! Ndiyo maana naomba karatasi ya upasuaji, au kadi yenye jina la kifaa, au walau eksirei ya zamani, maana CT hukivimbisha chuma kikaonekana kinene kuliko kilivyo. Ng'ombe abaki zizini.

Nikishakijua, mara nyingi nakikwepa tu. Siwashi miale ya kutokea ubavu wa kulia, nazungusha pembe. Gharama yake ni utumbo au kibofu kupata zaidi kidogo, na hapo tunabishana na daktari wa saratani hadi tuelewane.

Palipo na utata wa kweli ni milimita chache zinazogusa chuma. Upande miale inakoingilia, elektroni zinarushwa nyuma na dozi inapanda. Upande wa pili inashuka. Programu zenye hesabu nyepesi hazilioni hilo kabisa. Nyonga iliyo mbali na uvimbe hainisumbui. Ila uvimbe ukiwa umekumbatia fito za chuma za uti wa mgongo, na neva kuu ipitayo ndani ya uti iko hapo hapo ikihitaji kubaki chini ya grei 45 hadi 50, namba ya programu siiapii. Siwezi kupenyeza kipimo mle ndani ya mtu nikahakiki. Naacha nafasi ya ziada, naandika kwenye mpango kwamba hapa hesabu ina mashaka, na daktari akinidai namba moja nampa mbili: ya chini na ya juu.