Uzito wa Chuma Si Ukakamavu wa Chasisi

Karibu kila kijana anayefika karakana yetu hapa Malindi akitaka kujiundia gari dogo la michezo huja na ombi lilelile: "Fundi, tia chuma kizito, chasisi isipinde." Baadhi yao huwa wameshanunua chaneli (vyuma vya umbo la U) za unene wa milimita 6, na hununa wanapoambiwa wazirudishe dukani. Dhana hii imenichosha kuliko nyingine zote, kwa hiyo nitaanza nayo.

Kinachoiharibia kazi chasisi ya gari la michezo ni msokoto. Gurudumu moja la mbele linapopanda tuta hali mengine yako chini, fremu husokotwa kati ya ekseli mbili, na fremu laini hugeuka kuwa springi ya tano isiyopangiwa kazi na mtu yeyote, hata zile nne ulizozichagua kwa makini zisiweze kugawa mzigo kwenye kona jinsi ulivyokusudia.

Hapa umbo hushinda unene. Ukiongeza unene wa tyubu ya duara mara mbili, uzito na ukakamavu wake, yaani jinsi inavyokataa kusokotwa, huongezeka takriban mara mbili. Ukiongeza kipenyo mara mbili kwa unene uleule, uzito huwa mara mbili lakini ukakamavu huwa karibu mara nane. Sasa chukua tyubu ya kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 2, uipasue kwa msumeno mstari mmoja toka ncha hadi ncha. Uzito ni karibu uleule, ila ukakamavu dhidi ya msokoto umebaki chini ya sehemu moja ya 400 ya ule wa awali. Chaneli, kwa kuwa ina upande ulio wazi, ina udhaifu huohuo, na ndiyo mnayoililia.

Kisha kuna mishazari, yaani tyubu zinazokatiza fremu kutoka pembe hadi pembe. Geti lenye tyubu nne bila mshazari hulala upande hata likiwa la chuma kinene; mafundi wote wanalijua hilo kwenye mageti, ila wakifika kwenye gari hulisahau. Ugumu uko pale watu wanapokaa, kwa kuwa juu hapawezi kuwekwa mshazari bila kumfungia dereva ndani. Waundaji wa Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 waliinua fremu ubavuni, na ndiyo sababu milango yake hufunguka kuelekea juu. Lotus Elan ya mwaka 1962 ilipitisha uti wa mabati ya chuma yaliyokunjwa kuwa boksi katikati ya viti viwili.

Kabla ya kukata hata tyubu moja, jenga kielelezo cha moja kwa kumi kwa vijiti vya mishikaki na gundi, ukishike ncha mbili, ukisokote. Ondoa kijiti, kihamishe, ujaribu tena. Mikono yako itakuonyesha mapema kuliko kubishana nami. Fremu ikikamilika, funga sehemu ya nyuma imara, iegemeze ya mbele katikati juu ya nukta moja, kisha ning'iniza kilo 50 mita 1 kutoka katikati: hizo ni takriban nyutonimita 490 (kipimo cha nguvu ya kusokota), na ikijisokota nusu digrii, ukakamavu wake ni karibu nyutonimita 980 kwa digrii.

Wapo wanaoagiza chuma cha kromoli (kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni) wakiamini kitakakamaa zaidi. Huvumilia mzigo mkubwa zaidi kabla ya kupinda kiasi cha kutorudi tena, lakini kipimo chake cha kunyumbuka ni kama cha chuma cha kawaida, takriban gigapaskali 200. Kwa tyubu za ukubwa uleule, hukununua ukakamavu wowote.

Wengine huunda fremu kwanza, halafu hutafuta pa kupachika magurudumu. Anza na viungo vya magurudumu, injini na kiti, kisha uviunganishe kwa tyubu zinazokutana kwenye vifundo (pale ncha za tyubu kadhaa zinapoungana), kamwe si katikati ya tyubu tupu.

Tena kuna tyubu za mabati, yaani zilizopakwa zinki, ambazo watu huzitaka kwa hofu ya chumvi ya pwani. Zinki huungua palepale panapochomelewa, mahali panapohitaji kinga zaidi, na moshi wake humletea fundi homa. Tumia tyubu za kawaida, uzizibe ncha zote kwa kuchomelea, uzipake rangi ya msingi, na kila tundu la riveti utakalotoboa baadaye ulizibe kwa silikoni siku hiyohiyo.