Mashoto na gitaa: acheni hiyo ya "ana bahati huyu"

"Mwalimu, huyu ni mashoto, ila nimeambiwa ana bahati, maana kwenye gitaa mkono wa kushoto ndio wenye kazi." Jumamosi iliyopita nimeambiwa hivyo tena na mzazi mwingine, na gitaa la kulia, lile ambalo mkono wa kulia unacharaza na wa kushoto unabana nyuzi shingoni, alikuwa ameshalinunua, risiti mkononi. Simlaumu. Kaambiwa na muuza duka, muuza duka kaambiwa na mpiga gitaa wa kwaya, na huyo wa kwaya hajawahi kufundisha mashoto hata mmoja. Wanafunzi wangu wanakuja hapa Nyakato, Mwanza, kutoka Igoma, Kirumba na Nyegezi, na yuko mmoja wa Sengerema ambaye tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hana tena kisingizio cha kivuko. Kila mashoto kati yao kaja na maneno hayohayo kichwani. Basi nijibu kwa maandishi, niwe nawatumia watu.

Dhana: mkono wa kushoto ndio unaobana kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja), kwa hiyo mashoto anafaa kushika gitaa la kulia.

Kama kubana nyuzi ndiko kunakotaka ustadi zaidi, mbona watu wa kulia, ambao ni karibu tisa kati ya kila kumi, wanaupa kazi hiyo mkono wao dhaifu? Wangeshaligeuza gitaa zamani sana. Mkono wao wenye akili wameupeleka kwenye kucharaza kwa sababu huko ndiko muziki uliko. Mwendo wa wimbo, pigo zito na pigo jepesi, kuuzima uzi mapema au kuuacha ulie, vyote vinatoka kwenye mkono huo. Mkono wa shingoni unachagua noti, lakini ikitoka vibaya au vizuri ni kazi ya huyu mwingine.

Kinachowadanganya watu ni maumivu. Wiki za mwanzo ncha za vidole zinawaka moto na kodi ya F haitoki, basi mwanafunzi anaamini ugumu wote umekaa huko. Baada ya miezi michache vidole vimekomaa, kodi zinajikalia zenyewe. Ridhimu haijikalii. Nenda ibada yoyote Jumapili usikilize: mpiga gitaa akikosea kodi moja, kwaya inampita na hakuna aliyeshtuka. Akiteleza kwenye pigo, hata mama anayepiga makofi kiti cha nyuma anajua.

Nililetewa kijana aliyeanzia kwa mwalimu mwingine, akalazimishwa kulia. Kodi zake safi: C, Am, F, G, anahama bila kusita. Lakini mkono wa kulia! Kifundo kimekakamaa kama kimefungwa banzi, kila akirudi juu piki, kile kipande cha kucharazia, inanasa kwenye uzi wa tatu, na ile "chini, chini-juu, juu-chini-juu" inafika imechoka. Nikamnyang'anya gitaa, nikamwambia apige mwendo uleule mezani kwa vidole. Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe, na ukatia na pigo la kati ambalo sijamfundisha. Nikampa gitaa la kushoto. Kodi zote zikapotea, akabaki na Em tu, nayo kwa taabu. Ila Em ile ilikuwa inacheza. Kodi alizirudisha mbona.

Wanaoniletea majina ya watu wakubwa nawaletea Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Black Sabbath. Ni mashoto wa Birmingham, na kiwandani alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, yaani ule wake wa kubana. Angekuwa na kila sababu ya kugeuza gitaa. Lakini alikuwa ameshapiga kwa miaka, na badala ya kuuhamisha mkono wake wa kucharaza alijitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, akaendelea.

Je, mashoto wote washike la kushoto? Sisemi hivyo. Mark Knopfler ni mashoto na anapiga la kulia. Gary Moore naye alikuwa hivyo. Wapo ambao mikono yao inakaribia kulingana, na hao wakishika la kulia hawapotezi kitu. Ninachokataa ni kuruhusu duka limchagulie mtoto mkono kwa sababu ukutani yamening'inia ya kulia matupu.

Na tafadhali, msinithibitishie kwa mkono wa kuandikia. Kwetu hapa huo si ushahidi. Wengi walihamishwa kalamu darasa la kwanza, tena kwa fimbo. Angalia vitu ambavyo hakuna mwalimu aliyevisimamia: kurusha jiwe ziwani, kupigilia msumari, kupiga mswaki. Binti mmoja wa Kirumba, mama yake ana meza ya samaki Mwaloni, aliniapia kwamba yeye ni wa kulia. Nikamuuliza kisu cha kupara sato anakishika mkono gani. Mkono wa kushoto ukanyanyuka kabla mdomo haujafunguka. Baada ya hapo mpigishe mwendo mezani, kisha mpe gitaa bila kumwelekeza, uone linatua upande gani. Hayo yote yafanyike kabla ya mtu kutoa pesa.

Hapohapo kuna tawi la dhana hii linalovaa suti: kwamba kupiga kwa kushoto kanisani ni utovu wa adabu. Kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kukosa adabu, nakubali, na wanangu nawakataza. Lakini mzee wangu, anayepiga gitaa la kulia naye anatumia mikono yote miwili. Wa kushoto uko madhabahuni siku nyingi.

Dhana: chukua la kulia, geuza nyuzi, kazi imekwisha.

Hii ina nusu ya ukweli, ndiyo maana inaharibu magitaa mengi. Kile kipande cha mfupa au plastiki kule kichwani kina mifereji sita, kila mmoja umechongwa kwa unene wa uzi wake. Ukigeuza, uzi mnene unakalia mfereji mwembamba na kuning'inia juu, na uzi mwembamba unacheza ndani ya mfereji mpana, unazizima. Hicho lazima kibadilishwe. Fundi mzuri anakuchongea kingine kwa mfupa wa ng'ombe, na ng'ombe Usukumani hatujakosa.

Tatizo kubwa liko kwenye daraja la gitaa, pale tumboni nyuzi zinapofungwa. Gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, la nyuzi za chuma lina mfupa uliolala mshazari: upande wa uzi mnene umesogezwa nyuma ili uwe mrefu kidogo, la sivyo ukibana noti inapanda. Geuza nyuzi uone: wazi linalia vizuri, ukipanda freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingoni) uzi mnene umepanda na mwembamba umeshuka. Mwanafunzi anadhani sikio lake bovu. Si sikio, ni mfupa. Kuuhamisha ni kuziba mfereji na kuchimba mwingine, na si kila fundi wa Mwanza nitampa gitaa langu afanye hivyo.

Kwenye gitaa la umeme habari ni tofauti, maana aina nyingi kila uzi una kikalio chake cha kusogeza mbele na nyuma. Jimi Hendrix alipiga Stratocaster za kulia zilizogeuzwa nyuzi, ndiyo, lakini hilo ni gitaa la umeme. Msiniletee Hendrix kwenye gitaa kavu.

Ushauri wangu, na nitaurudia hadi nichokwe: mashoto anayeanza, kama la kushoto halipatikani, atafute gitaa la klasiki, la nyuzi za nailoni. Mfupa wake wa darajani kwa kawaida umenyooka, kwa hiyo anabadilisha ule wa kichwani tu, na tumbo lake halina lile bapa la plastiki la upande mmoja. Shingo ni pana, vidole vinapata nafasi. Vile vinukta vya kuhesabia freti ubavuni mwa shingo vitakuwa chini, havionekani. Atie vingine upande wa juu kwa rangi ya kucha ya dada yake. Ila asije akalifunga nyuzi za chuma! Seti ya kawaida ya chuma inavuta karibu kilo 70, ya nailoni karibu 40. Nimeshaona madaraja yaliyobanduka yakaondoka na ubao.

Zilizobaki nazipitia haraka, maana hazinipandishi presha. Eti apindue tu gitaa bila kugusa nyuzi: Elizabeth Cotten alipiga hivyo, besi kwa vidole na sauti ya wimbo kwa dole gumba, Albert King naye. Ukimkuta mtu ameshajifunza hivyo, mwache. Anayeanza leo asijitafutie, atakuta kila kodi imesimama kichwa chini na hakuna wa kumsaidia. Eti nyuzi za kushoto ni za aina yake na zinatyuniwa kivyake: hapana, seti ni ileile, kutoka uzi mnene ni E, A, D, G, B, E, na muuza duka anayekuuzia "nyuzi za mashoto" kwa bei ya juu anakuibia. Eti anahitaji vitabu vyake: michoro ya kodi ataisoma kama kwenye kioo, namba za vidole hazibadiliki, na tabu, yale maandishi ya gitaa ya mistari na namba za freti, haziguswi kabisa kwa sababu mistari yake ni nyuzi, haina kulia wala kushoto. Tena akikaa mbele ya mwalimu wa kulia anajiona mwenyewe, jambo ambalo mwanafunzi wa kulia halipati. Eti mashoto huzaliwa na kipaji: ninao mashoto wavivu, njooni mwaone.

La mwisho wanaloniambia si dhana potofu, ni kweli tupu: mashoto hataazima gitaa. La kanisani ni la kulia, la bendi ni la kulia, la rafiki ni la kulia. Kwaya ikipanda meli kwenda Bukoba, lake liwe begani, na seti ya akiba ya nyuzi mfukoni. Kwa upande wa pili, kaka zake nao hawataliazima.