Eti metformini inaua seli za mwili? Naomba tuelewane

Jamani shangazi yangu aliacha metformini, dawa yake ya kisukari, wiki tatu nzima, vidonge nimevikuta kwenye kikopo juu ya kabati, namuuliza ananiambia "mwanangu, nimesikia hiyo dawa inaua seli." Niliumia, maana kumpima sukari ilikuwa juu sana, 17.

Kwanza, seli kufa sio sumu. Zetu zinakufa kila siku kwa mabilioni tena kwa mpango, seli iliyoharibika inapewa amri ijimalize, inasinyaa, inakatika vipande na seli zingine zinavimeza. Hata vidole vyako ulipokuwa tumboni vilishikana kama mguu wa bata, seli za katikati zikafa ndo vikaachana.

Sasa metformini inaingia kwenye mitokondria, pale seli inapotengenezea nguvu, inapunguza kasi kidogo, na ini nalo linapunguza kumwaga sukari kwenye damu. Zile habari za kuua zinatoka maabara, seli za kansa zinamwagiwa dawa nyingi kweli, mara nyingi zaidi ya mara mia ya ile inayopatikana kwenye damu ya mtu anayemeza vidonge, hapo nguvu inakata na zingine zinajimaliza. Ila seli za mishipa ya damu zilizowekwa kwenye sukari nyingi, dawa hiyohiyo ilizikinga zisife! Iliyokuwa inaziua ni sukari.

Na wale wanaosema basi inatibu kansa, hapana. Mwaka 2005 watafiti wa Uskoti waliona wagonjwa wa kisukari wanaoitumia wanapata kansa kidogo, watu wakapata matumaini, alafu wanawake zaidi ya 3,600 wenye kansa ya matiti na wasio na kisukari wakafuatiliwa, wengine wakapewa metformini wengine kidonge kisicho na dawa ndani, majibu ya 2022 yakaonyesha haikuzuia kansa kurudi.

Figo je? Haiziharibu, inatoka tu kupitia figo kwenye mkojo, ndo maana zikichoka sana daktari anaisimamisha isije ikajaa mwilini, alafu ndugu wanadhani dawa ndo iliyoleta ugonjwa.

Cha kuangalia kweli ni kuharisha na kichefuchefu mwanzoni, na ukitumia miaka mingi vitamini B12 inaweza kushuka, ukiona ganzi miguuni omba upimwe.

Shangazi nimempeleka kwa daktari wake, kaanzishiwa upya na dozi ndogo. Jana kameza mbele yangu, baada ya ugali.